Bega, Kitako na Kaliba: Niliyojifunza kwa Mark 4, G3 na AK

Usiku wa siku yangu ya kwanza ya kulenga shabaha, mwaka 1986, sikuweza kuvua shati bila kusaidiwa. Bega la kulia lilikuwa limevimba na kugeuka rangi ya zambarau kuanzia kwenye mtulinga hadi karibu na kwapa, na juu ya uvimbe huo palikuwa na mstari ulionyooka, kana kwamba mtu alikuwa amenigandamiza kwa ukingo wa sahani ya chuma. Ilikuwa alama ya bamba la kitako cha bunduki aina ya Mark 4, ambayo nilikuwa nimeifyatua mara arobaini asubuhi ile nikiwa nimelala kifudifudi kwenye udongo mwekundu. Kurutu mwenzangu alinikanda kwa maji moto ya chumvi, akaniambia kwamba hiyo ni kawaida na kwamba nitazoea. Nilimwamini. Na kweli nilizoea, ila nilichokizoea kwa miaka miwili iliyofuata ni kuliogopa teke la bunduki huku nikijidai siliogopi.

Nilitumikia kama askari wa wanyamapori katika nyika ya Tsavo kwa miaka ishirini na saba. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na katika kazi yetu hakuna aliyeulizwa anataka bunduki gani. Ulitajiwa namba, ukatia sahihi, ukapokea. Hata hivyo, katika miaka hiyo bega langu lilipitiwa na kaliba kadhaa, yaani risasi za vipenyo na nguvu mbalimbali, na baadaye nilipofanywa mkufunzi nililazimika kueleza kwa vijana kwa nini moja huumiza kuliko nyingine na kwa nini serikali za dunia hazijawahi kukubaliana ni ipi inayofaa. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona, pamoja na hesabu chache ambazo mtu yeyote anaweza kuzifanya kwa kalamu.

Nianze na ile Mark 4. Hiyo ni bunduki ya Kiingereza ya enzi za vita vya pili vya dunia, yenye uzito wa takriban kilo 4.1, inayojazwa risasi kumi na kuvutwa komeo kwa mkono kila baada ya kufyatua. Risasi yake ni ile ya .303, yaani kipenyo cha inchi 0.303, sawa na milimita 7.7. Kichwa chake kina gramu 11.3 na hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 744 kwa sekunde. Zidisha uzito kwa mwendo, utapata zaidi kidogo ya 8,400. Iweke namba hiyo akilini, kwa sababu msukumo unaokipeleka kichwa cha risasi mbele ndio huohuo unaoirudisha bunduki nyuma begani, ukiongezewa na ule wa moshi wa baruti unaofoka mtutuni. Kisha uzito wa bunduki ndio unaoamua kama utapokea msukumo huo kama mkono wa rafiki au kama kwato ya punda.

Kwa hesabu hiyo Mark 4 haistahili sifa mbaya niliyoipa. Wazee wangu katika kikosi waliifyatua siku nzima bila kulalamika. Jibu la mateso yangu lilikuwa mahali ambapo sikuwahi kupatazama. Siku moja fundi wa silaha, mzee mpole aliyependa kuongea na bunduki kuliko na watu, aliichukua bunduki yangu kuisafisha, akaigeuza, akaniuliza nina urefu gani. Nikamwambia futi tano na inchi nne. Akacheka, akanionyesha herufi iliyogongwa kwenye mbao juu ya kitako, nyuma tu ya mahali mbao inapokutana na chuma. Ilikuwa L. Waingereza walitengeneza vitako vya bunduki hizo kwa urefu tofauti, S kwa wafupi, N kwa wa kawaida, L kwa warefu, na kila kimoja kimepishana na mwenzake kwa nusu inchi. Mimi nilikuwa nimepewa kitako cha mtu wa futi sita.

Nusu inchi inaweza kuonekana kama kitu cha mzaha mpaka uipokee begani. Kitako kikiwa kirefu kupita mkono wako, hakikai katika kile kishimo laini kati ya mtulinga na msuli wa bega. Huteleza nje na kukaa juu ya kiungo chenyewe, mfupa juu ya chuma. Shingo nayo hunyooka kutafuta tundu la kulengea, shavu likaachana na mbao, na bunduki inaporudi hupata nafasi ya kuchukua mwendo kabla ya kukugonga. Bunduki iliyobanwa vizuri husukuma, lakini iliyoachiwa hata upana wa kidole hupiga. Yule mzee alinibadilishia kitako, akaniwekea chenye herufi S, na wiki iliyofuata nilifyatua risasi ishirini kisha nikala ugali kwa mkono wa kulia bila shida yoyote.

Bega lilipona, lakini shabaha haikupona, nami sikuelewa kwa nini. Risasi zangu zilikuwa zikianguka chini upande wa kushoto wa duara, kila mara, kana kwamba bunduki ilikuwa imepinda. Nikailaumu bunduki. Sajini aliyekuwa akitufundisha wakati huo hakubishana nami. Aliichukua, akanigeuzia mgongo, akaipakia, akanirudishia akisema niendelee. Nikafyatua ya kwanza, ikalia. Nikavuta komeo, nikafyatua ya pili, na badala ya mlio nikasikia kitu kikisema “tik” tu, kwa sababu alikuwa amechanganya risasi bandia na zile za kweli. Na hapo, mbele ya kurutu wenzangu kumi na wanane, mtutu wa bunduki ambayo haikulia ulichota kwenda chini kwa nguvu, bega langu likaruka mbele, na macho yote mawili yakawa yamefumbwa. Watu walicheka hadi mmoja akakaa chini. Sajini peke yake hakucheka. Alisema, “Umeona? Teke unalipiga wewe kabla bunduki haijakupiga.”

Sijawahi kupata somo lililonifaa kuliko hilo, na baadaye nilipokuwa mkufunzi nililitumia kwa kila kundi. Mwili una akili yake. Ukishaumizwa mara arobaini kwa asubuhi moja, hujifunza kwamba kidole kikianza kubana, maumivu yanakuja, nao hujikinga kabla yako. Kujikaza hakusaidii, kwa maana kujikaza kwenyewe ndiko kunakoupeleka mtutu chini. Dawa niliyopewa ilikuwa ya kuchosha. Kila jioni kwa wiki tatu nililala chini na bunduki tupu, iliyokaguliwa na mtu wa pili, sarafu ya shilingi ikiwa imewekwa juu ya mtutu karibu na ncha, na nikabana kifyatulio mpaka komeo lilie bila sarafu kuanguka. Mwanzoni ilianguka kila mara. Mwishoni niliweza kubana mara hamsini mfululizo. Kisha nikaruhusiwa risasi tano za kweli kwa siku, si zaidi, bandia zikiwa zimechanganywa ndani yake nisijue zipi. Ninasisitiza hizo tano. Mafunzo ya risasi arobaini kwa kutwa huwafundisha wengi woga kuliko shabaha, na ningekuwa na mamlaka ningezigawanya kwa siku nane.

Wakati huo huo nyika ilikuwa inabadilika. Majangili waliokuja kutafuta pembe za ndovu walikuwa na AK, nasi tulikuwa na bunduki ya kuvuta komeo. Mtu anayefyatua risasi thelathini bila kuondoa kidole hujibiwa vipi na mtu mwenye kumi, anayehitaji kuinua mkono kila baada ya moja? Mwaka 1989 Richard Leakey alipopewa uongozi wa idara ya wanyamapori, katika mabadiliko aliyoyaleta askari walianza kupata G3, na mimi nilipokea yangu nikiwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu vipya vya sikukuu.

G3 ni bunduki ya Kijerumani iliyopokelewa na jeshi la Ujerumani Magharibi mwaka 1959. Hutumia risasi ya milimita 7.62 kwa 51, ambayo nchi za NATO zilikubaliana kuitumia mwaka 1954. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Kichwa chake kina gramu takriban 9.5 na hutoka kwa mita 780 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hesabu yetu inatoa 7,400, chini ya ile ya Mark 4. Bunduki yenyewe ni nzito zaidi, takriban kilo 4.4 ikiwa tupu. Kwa karatasi ilipaswa kuwa mpole. Lakini muulize askari yeyote wa Kenya aliyezibeba zote mbili, atakuambia G3 huuma. Mark 4 hurudi kwa msukumo mmoja mzima, kama mlango mzito unaosukumwa na upepo. G3 hurudi vipande vipande, kwa sababu ndani yake komeo zito hukimbia nyuma lenyewe na kugonga mwisho wa njia yake ndani ya kitako, na mgongano huo wa pili ndio unaolifikia bega kwa ukali. Ganda la risasi lenyewe hutoka likiwa na ushahidi wa nguvu hizo: lina mistari myeusi kuanzia shingoni kwenda chini, lina bonde mahali lilipogonga chuma likitoka, na hutupwa mbali kiasi cha kumpata mwenzako aliyelala upande wa kulia. Nimeona kola ya shati la mtu ikipokea ganda moja la moto, na sitaeleza alivyocheza.

Kuifyatua G3 mfululizo, risasi juu ya risasi, ni kuzipeleka mbinguni. Ya kwanza hukaa ulipolenga, ya pili hupita juu, ya tatu huenda kutafuta ndege. Tuliijua hivyo kwa vitendo, tukawa tunaiweka kwenye moja moja na kuisahau ile alama nyingine. Ila kwenye moja moja, ukiwa umelala kando ya mto mkavu kama Tiva, ambapo ghafla msitu wa miiba unafunguka na unaona mita mia nne za mchanga mtupu, hapakuwa na bunduki niliyoiamini zaidi.

AK tulizozikamata tulizijaribu pia. Risasi yake ni 7.62 kwa 39, kipenyo karibu sawa na cha G3, lakini ganda ni fupi na baruti ni kidogo. Kichwa cha gramu 7.9, mwendo wa mita 715 kwa sekunde, hesabu inakuja 5,650. Tofauti hiyo ya karibu robo huihisi mara moja. Kurutu ambaye kwa G3 anafumba macho, kwa AK anatabasamu. Anaweza kufyatua mbili za haraka na zote zikakaa kifuani mwa sanamu kwa mita hamsini. Dosari yake ni kwamba kupita mita mia tatu risasi huanza kuzama sana, na aliyezoea G3 akilenga vilevile hupiga vumbi. Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hawalifikirii: kile kijiti cha upande wa kulia cha AK, ukikishusha kutoka kwenye usalama, hupita kwanza kwenye mfululizo ndipo kifike kwenye moja moja. Mtu mwenye hofu huishia katikati. Nadhani risasi nyingi zilizopita juu ya vichwa vyetu katika miaka ile zilipita huko kwa sababu ya kijiti hicho.

Na kuna uzito wa kutembea nao. Doria zetu zilikuwa za siku nne au tano kwa miguu, maji mgongoni. Risasi mia moja za G3 zina takriban kilo 2.4 kabla ya kuhesabu magazini. Za AK ni kilo 1.6 hivi, na zile ndogo za 5.56 kwa 45, za bunduki kama M16, ni kilo 1.2. Tofauti ya kilo moja na zaidi ni chupa nzima ya maji. Mtu aliyeketi ofisini anapolinganisha kaliba hutazama nguvu ya risasi inapogonga, lakini aliyetembea kutoka mto Galana mchana wa Februari hutazama pia chupa hiyo, na sidhani kama amekosea.

Baadaye nilipoanza kusoma habari za silaha kwa ajili ya kufundisha, nilishangaa kuona kwamba wakubwa wa majeshi walizunguka njia ileile niliyoipita mimi kwa bega. Risasi ya .303 ilianza mwaka 1888, katika zama ambazo bunduki za Kiingereza ziliwekewa kifaa cha pembeni cha kulengea umbali wa zaidi ya yadi elfu mbili, kikosi kizima kikifyatua kwa amri kama mvua. Vita vya pili vya dunia vikaonyesha kwamba askari wa kawaida hufyatua kwa karibu zaidi, mara nyingi ndani ya mita mia tatu. Wajerumani wakafupisha ganda lao, Warusi wakatengeneza hiyo 7.62 kwa 39 mwaka 1943, na Waingereza baada ya vita wakapendekeza risasi ya wastani ya inchi 0.280. Wamarekani wakakataa. Walitaka nguvu kamili, na NATO nzima ikafuata. Kisha wakaenda Vietnam na bunduki yao ya M14, wakagundua kile tulichokigundua kwa G3, kwamba haishikiki ikifyatua mfululizo, wakahamia M16 na risasi ndogo ya 5.56. Mwaka 1980 NATO ikaikubali 5.56 kuwa risasi ya kawaida, yenye kichwa cha gramu 4 na mwendo wa mita 940 hivi, hesabu ikiwa 3,760 tu, nusu ya G3. Mtoto wa shule huweza kuifyatua. Na baada ya hayo yote, mwaka 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani likachagua bunduki mpya ya 6.8 kwa 51, yenye nguvu na teke la kurudi kulekule tulikotoka. Ni bembea.

Nilipofanywa mkufunzi nilipewa kundi lililokuwa na wasichana watano. Mmoja, mwembamba, mtoto wa mfugaji, alikuwa hajawahi kushika bunduki na alichelewa kufika, kwa hiyo hakusikia hadithi za bwenini kuhusu G3. Nikamlaza, miguu ikitazama nyuma moja kwa moja badala ya pembeni, ili teke lipite mwilini mwote hadi kwenye vidole vya miguu. Nikamwambia aliweke shavu kwenye kitako na asiliondoe, avute bunduki begani kwa mkono wa kushoto kama anayemkumbatia mbuzi asiyetaka kushikwa, apumue nje nusu, abane polepole. Sikutaja teke hata mara moja. Aliweka risasi tano ndani ya eneo la kiganja kwa mita mia moja. Vijana wenye vifua vipana waliokuwa wamejaziwa sifa na vitisho usiku kucha walitawanya zao kama mahindi ya kulisha kuku. Tangu siku hiyo nilipiga marufuku masimulizi ya maumivu kabla ya shabaha.

Ninalojutia zaidi ni masikio. Nusu ya woga wa kurutu hutokana na mlio, wala si begani, na ukiziba masikio vizuri utaona mtu aliyekuwa anashtuka akitulia papo hapo. Sisi tulitumia pamba, na wengine maganda ya risasi za bastola, jambo la kipumbavu. Leo nikipigiwa simu ninaiweka sikio la kulia. La kushoto, ambalo kwa anayelengea bega la kulia ndilo linalotazama mtutu, linaimba kama nyenje wa jioni, na limekuwa likiimba tangu mwaka 1994. Baadhi ya bunduki zina kifaa kwenye ncha ya mtutu kinachotupa moshi pembeni ili kupunguza teke. Hufanya kazi, lakini mlio wote humrudia mfyatuaji na jirani yake. Bega lina nyama inayoota tena. Sikio halina.

Kuhusu .458 ya kufukuzia ndovu waharibifu wa mashamba nitasema machache, kwa sababu si bunduki ya vita. Kichwa chake kina gramu zaidi ya 32 na hesabu yetu inapita 20,000, karibu mara tatu ya G3. Nimeifyatua mara kumi na moja maishani na ninaikumbuka kila moja. Anayeifyatua akiwa amelala chini hufanya hivyo mara moja tu, kwa kuwa mwili hauna pa kurudi. Husimamwa nayo, mguu wa kushoto mbele, magoti yamelegea, na mwili ukaachwa uyumbe kama mlingoti wa jahazi.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu aliitwa kujiunga na kikosi fulani. Alikuja nyumbani Voi kuniaga, akanisalimu, akakaa, na kabla chai haijamiminwa akaniuliza, “Mjomba, kati ya G3 na AK, ipi ni afadhali?” Nilimwambia akunje mkono wa kulia, kiwiko kikae kwenye meza. Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikampima kutoka kwenye kunjo la kiwiko hadi kwenye pingili ya kwanza ya kidole cha shahada. Inchi kumi na tatu na robo. Nikaiandika kwenye kipande cha karatasi, nikamwambia akiweke kwenye pochi, na akifika huko amtafute kwanza fundi wa silaha.